Nimeongeza sabufa kwenye spika zangu ndogo za mezani, uzoefu wangu

Mezani nina zile spika za Edifier R1280DBs, zina woofa (ile sehemu ya spika inayotoa sauti nzito) ya inchi 4, na kwa kuedit video na mziki wa kawaida zilikuwa zinatosha kabisa, tatizo likaja nilipoanza kusikiliza sana nyimbo za dansi za zamani zilizorekodiwa RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam), maana mziki ule unabebwa na gitaa zito la besi na kwenye woofa ya inchi 4 gitaa zito unalisikia nusu nusu, nota za juu zinakuja vizuri halafu mpigaji akishuka waya wa chini kabisa, kwisha. Waya ule mnene ukipigwa mtupu unatoa kama 41Hz (mitetemo 41 kwa sekunde, namba ikishuka sauti inakuwa nzito zaidi), na kampuni yenyewe imeandika hizi spika zinaanzia 55Hz, sasa hapo hamna volyumu wala ikwalaiza itakayokuletea kitu ambacho spika haikitoi.

Nikachukua sabufa, yaani spika ya besi tu, ya Edifier T5, inchi 8, wati 70. Kufunga ni dakika tu, nyuma ya ile spika yenye amplifaya kuna tundu la Sub Out, waya mmoja wa RCA (waya wa sauti wenye kichwa cha duara) unaenda kwenye sabufa, umeme, umemaliza. Kazi yenyewe ni kuipanga, na hapa ndio watu wengi wanaachia njiani halafu wanasema sabufa zinapiga kelele tu.

Mahali pa kuiweka ndio kila kitu. Kona ya chumba inaongeza besi kweli lakini chumba changu cha kupanga ni kidogo na kule kona nota moja ilikuwa inavimba mpaka vioo vya dirisha vinalia, halafu nota inayofuata huisikii. Dawa yake iko hivi, sabufa iweke pale pale kwenye kiti unapokaa, weka wimbo ambao besi inatembea tembea, halafu wewe ndio uzunguke chumba umeinama sikio likiwa chini karibu na sakafu, utakapokuta nota zote zinalingana, hapo ndio sabufa ikae. Kwangu ilikuwa chini ya meza upande wa kushoto, imesogea kidogo kutoka ukutani, sehemu ambayo kwa macho nisingeichagua kabisa.

Krosova, ile nobu ya kuchagua sabufa iishie nota ya juu kiasi gani, nimeiacha karibu na 80Hz. Ukiipandisha sana sauti ya mtangazaji wa kiume inaanza kutokea miguuni na inakera mno, ila ukiiacha hapo kwenye 80 sikio halijui besi inatoka wapi, unaona kama zile ndogo za mezani ndio zinafanya yote. Swichi ya fezi (inayopanga sabufa isukume hewa pamoja na spika ndogo, zisipingane) mwambie mtu aibadilishe 0 na 180 wewe ukiwa umekaa, upande unaokupa besi iliyojaa zaidi ndio wenyewe.

Volyumu jamani ishusheni! Ukiwa unaisikia sabufa kama sabufa ujue imezidi. Izime ghafla wimbo ukiwa katikati, kama mziki umepungua mwili basi ilikuwa imekaa sawa. Kwenye singeli na amapiano kishawishi cha kuipandisha ni kikubwa, ila ukiipandisha, ngoma na besi zinakuwa uji.

Mngurumo nao ulikuwepo mwanzoni, mmmmm ya chini chini hata mziki ukiwa umezimwa, nikachomeka kompyuta, spika na sabufa kwenye ekstensheni moja ukaisha palepale. Waya wa bei chee niliouziwa duka moja nao ulikuwa unakata kata, nikanunua mwingine.

Kwa anayesikiliza hotuba na taarifa ya habari tu, hela yake akae nayo. Kwa anayependa gitaa zito, nunua, mimi sasa hivi nasikia vidole vya mpiga besi vikihama.

Kitu kimoja cha kuzingatia ni majirani. Chini ya sabufa nimeweka kipande cha godoro, sakafu haitetemi tena, lakini besi ya hewani bado inapita ukutani, kwa hiyo nilimuuliza jirani mwenyewe akasema mchana haina shida, usiku ndio anasikia, basi ikifika saa nne naizima nabaki na zile ndogo.