Aqua, Leaf au IST: ipi inakula kidogo, na kwa nini uinamie kiti cha nyuma kabla ya kulipa

EWURA, mamlaka ya nishati, ikishatangaza bei kikomo za mafuta, Jumatano ya kwanza ya mwezi, simu yangu haitulii. Safari hii malalamiko yamefanana: mtu kanunua yadi Toyota Aqua, haibridi yenye injini ya petroli na mota ya umeme, kaambiwa lita moja inakwenda kilomita 35, yeye anaambulia 15. Bodi inang'aa, injini haina mlio. Mafuta yanakwenda wapi?

Kwanza, hiyo 35 ni ya kipimo cha maabara Japani, na Mjapani mwenyewe haipati barabarani. Aqua iliyo nzima, kwa foleni zetu za Dar, itakupa 20 hadi 22. Ikishuka mpaka 15, uliza habari za betri kubwa, ile inayoendesha mota. Na ukitaka kujua betri ilitunzwaje, kuna sehemu moja ambayo dalali hatakuonyesha hata umlipe: tundu la hewa.

Fungua mlango wa nyuma, uiname. Kwenye Aqua utaona chini ya kiti kidirisha cha plastiki chenye matundu; kwenye Prius kiko ubavuni mwa kiti. Hapo ndipo feni inapovuta hewa ya ndani ya gari ili kupoza betri. Sasa hilo gari limepita vumbi la Chanika, limebeba watoto wanaokula karanga, halafu mwenyewe kashona kava za viti nzuri kabisa zilizofunika lile tundu lote. Feni inajaa uchafu, betri inapata joto, kompyuta ya gari inaipunguzia kazi isiharibike, na mzigo unarudi kwa injini ya petroli. Taa ya onyo unaweza usiione kwa muda mrefu. Unachokiona ni risiti za sheli.

Kwa hiyo nenda na tochi ya simu. Ukikuta vumbi limeshikana kama sufi ya mto, usijadili bei kabla fundi hajachomeka kifaa cha OBD2, kinachosoma kompyuta ya gari, na kuona volti za betri. Moduli za Aqua, yaani vipande vinavyounda betri, ni 20, na volti zake zinatakiwa zikaribiane. Muuzaji akikataa kupimwa, funga mlango uondoke.

Haya, hesabu. Tuchukue petroli shilingi 3,000 kwa lita na umeme wa LUKU 360 kwa uniti, kodi ndani. Kwa kilomita 100, IST ya 1.3 kwenye foleni inakunywa kama lita 9: 27,000. Aqua, chini kidogo ya lita 5: kama 14,500. Nissan Leaf, ya umeme mtupu, uniti 18 ukihesabu na zinazopotea wakati wa kuchaji: karibu 6,500.

Kwa namba hizo Leaf ingekuwa ya kwanza. Mimi naipa nafasi ya pili, na sioni haya kusema naipenda Toyota. Betri ya Leaf hizi za mtumba haina mfumo wa maji wa kuipoza, na joto la Dar mnalijua. Tazama vijiti 12 pembeni mwa kipimo cha chaji. Kijiti cha kwanza kikipotea, karibu asilimia 15 ya uwezo imeshakwenda. Vikibaki 8, theluthi nzima. Leaf za mwanzo, za betri ya uniti 24 (kWh), zikifika hapo ni za Mbezi hadi Posta na kurudi, Morogoro sahau. Inamfaa mwenye kwake, mwenye mita yake. Na kama uko D1, kundi la umeme wa bei nafuu lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, utaiaga mapema.

Ya kwanza ni Aqua. Kwenye foleni injini inazima, mota inasukuma, na AC inaendelea kwa sababu kompresa yake ni ya umeme. Ukifunga breki, betri inajichaji. Ukiwa mtu wa safari ndefu faida inapungua, maana kwenye lami iliyonyooka injini ndiyo inafanya kazi kubwa.

IST, Passo, Vitz: bei nafuu, spea kila kona, kila fundi anazijua. Basi.

Kinachonikera ni bei za yadi. Aqua nyingi zilizopo sokoni zimevuka miaka 10, kwa hiyo ushuru wa uchakavu ni asilimia 30, na hiyo inapakiwa yote kwako. Sawa, kodi ni kodi. Lakini mtu anaongeza juu yake pesa ya "betri imepimwa Japani", ukiomba karatasi anakuonyesha picha ya gari likiwa bandarini. Mmoja aliniambia vumbi la chini ya kiti ni "la safari ya meli". Ndani ya gari lililofungwa vioo.