Meza, dadu na mzinga: uzoefu wangu wa klabu za usiku Guangzhou

Nyota 3 kati ya 5. Klabu ya Guangzhou, China, inakuuzia meza, na mtu asiyelijua hilo ataona kaibiwa. Aliyezoea Masaki au Westlands, alipe kiingilio, achukue kinywaji kaunta kisha azame katikati ya watu, atauzunguka ukumbi mzima akitafuta pa kusimama. Meza zimepangwa hadi miguuni mwa dijei. Sehemu ya kucheza, kama ipo, ni kijukwaa kidogo, na baadhi ya klabu zimekiwekea springi chini ili sakafu iruke pamoja na wachezaji. Watu hupanda, huruka nyimbo mbili tatu, wakarudi mezani, kwa sababu usiku wenyewe uko mezani.

Wengi wetu tunafika mji ule kufuata mzigo, na klabu huja kama mwaliko wa mwenye kiwanda baada ya oda kukubaliwa. Hapo mambo ni mepesi: aliyealika ndiye anayeagiza na ndiye anayelipa. Kutoa pochi katikati ya wageni wake ni kumvunjia heshima. Mlipie wewe chakula siku nyingine. Habari za bei ya kontena ziachwe hapohapo mlangoni. Mezani hakuna anayesikia, na kesho yake kila mtu atakumbuka namba anayoitaka yeye.

Ukienda kwa fedha yako, jua kwanza aina za meza. Ya kwanza ni meza ndefu ya kusimama yenye viti virefu, wenyewe huiita santai, inatosha watu 2 hadi 4. Ya pili ni kazuo, yaani kochi lenye meza chini, la watu 6 hadi 10. Hakuna kodi ya meza. Kuna kiwango cha chini cha matumizi, na kiwango hicho hupanda Ijumaa na Jumamosi na kadiri meza inavyosogea karibu na dijei. Kwa meza ndogo katikati ya wiki, jiandae kwa yuan elfu moja na ushee, na yuan 1 ni takriban shilingi 18 za Kenya. Kochi la mbele Jumamosi ni habari nyingine kabisa. Mkiwa wanne mkachanga, hesabu inalingana na klabu ya maana ya Nairobi. Mtu mmoja peke yake ataumia, na ushauri wangu kwake ni baa ya kawaida.

Kinachouzwa kwa kawaida ni furushi: mzinga mmoja au miwili ya wiski au konyagi ya Kifaransa, vinywaji vya kuchanganyia, sinia la matunda, na mara nyingine bia. Usishangae kuletewa chupa za chai ya kijani yenye sukari pamoja na wiski. Huchanganywa kwenye jagi pamoja na barafu, na kinywaji kinachopatikana ni chepesi mdomoni kuliko kilivyo kichwani. Hapo ndipo wageni wengi huanguka. Kunywa kwa kuhesabu majagi, kwa sababu bilauri zenyewe ni ndogo mno kuhesabika.

Meza hupatikana kupitia wauzaji wa klabu, vijana wanaolipwa kamisheni kwa kila meza. Ni madalali hasa, na kama dalali yeyote, atakuonyesha kwanza ile ya bei kubwa. Muombe kupitia WeChat, programu yao ya kutumiana ujumbe, mambo matatu kwa maandishi: kiwango cha chini, orodha ya vilivyomo kwenye furushi, na saa ambayo meza itapewa wengine mkichelewa. Kisha fungua Dianping, programu ya maoni ya wateja na ofa, uangalie kama klabu hiyohiyo ina furushi la bei ya chini. Mara nyingi lipo, hasa siku za Jumapili hadi Alhamisi.

Malipo ndiyo sehemu inayowatesa wageni. Unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard na Alipay, programu ya malipo ya simu, ukiwa bado nyumbani, kwa sababu ujumbe wa uthibitisho wa benki unaweza usifike laini ikiwa nje ya nchi. Malipo hadi yuan 200 hayana makato ya ziada. Yakizidi hapo Alipay hukata asilimia 3, kwa hiyo kwenye bili ya yuan 2,000 weka akilini yuan 60 nyingine. Kadi ya nje hulipa QR ya biashara tu. Haitumi fedha kwa mtu binafsi. Dalali akikuomba amana kwenye akaunti yake mwenyewe, malipo yatagoma, na mimi nayaona kugoma huko kuwa kinga. Mwambie utalipa kaunta kwa QR ya klabu. Mpigie pia mtu wa benki yako kabla ya safari, maana muamala mkubwa wa saa 7 usiku kutoka China ndio unaofanya kadi ifungwe. Noti za yuan 100 mfukoni ni akiba nzuri, na hakuna noti kubwa kuliko hiyo. Bakshishi hawazitarajii.

Maeneo. Party Pier, au Pati kwa Kichina, iko ukingoni mwa Mto Pearl, kwenye eneo la kiwanda cha bia cha Zhujiang. Ni upande uleule wa mto yalipo majengo ya Pazhou yanakofanyika Maonyesho ya Canton, ndiyo maana hujaa wafanyabiashara kuanzia 15 Aprili na 15 Oktoba. Shuka kituo cha Modiesha, treni ya mstari wa 8, kisha tembea kuelekea mtoni. Tianhe na Zhujiang New Town kuna klabu za gharama, skrini kubwa na vijana wa mjini waliovaa. Taojin na Xiaobei ndiko ziliko baa zilizozoea Waafrika. Ukitaka bongo fleva au amapiano, ulizia huko kwa wenyeji wetu, maana kumbi hufunguliwa na kufungwa haraka na jina la mwaka jana halikusaidii. Kwenye klabu kubwa muziki ni wa kielektroniki na nyimbo za Kichina zilizoongezwa kasi, usiku kucha. Nyota yangu ya kwanza iliyopungua imepotelea hapo.

Fika kati ya saa 4 na saa 5 usiku. Ukumbi huchemka kuanzia saa 6 hadi saa 8. Kila anayeagiza chupa kubwa huletewa kwa msafara: wasichana wenye taa, mabango yenye jina lake, fataki baridi, na jina hilo linapita kwenye skrini. Ni maonyesho ya fedha, na hawajifichi. Kwangu yanachekesha kwa nusu saa, kisha yanachosha. Moshi wa sigara ni mzito. Mwenye pumu abebe dawa yake au asiende.

Sasa dadu, na hapa ndipo ninapotoa nyota bila ubahili. Kila meza ina vikombe vya plastiki na dadu tano ndani ya kila kikombe. Mnatikisa, mnafunika, kila mmoja anachungulia zake. Wa kwanza anatangaza idadi na namba anayodhani ipo chini ya vikombe vyote kwa pamoja, mfano "tatu za 5". Anayefuata lazima apandishe: ama idadi iongezeke, ama idadi ibaki ileile na namba iwe kubwa. Moja ni jokari, inahesabiwa kama namba yoyote, hadi pale mtu atakapoitaja moja yenyewe. Tangu hapo inakuwa moja tu kwa mzunguko huo. Asiyeamini anasema "kai", yaani fungua, vikombe vinafunuliwa, mnahesabu. Zikitimia au kuzidi, aliyefungua anakunywa. Zikipungua, aliyetangaza anakunywa. Meza nyingi zina nyongeza kwamba mwenye namba tano zote tofauti hahesabiwi kitu, au anatikisa upya. Uliza kabla ya kuanza, kwa kuwa kila kundi lina lake.

Hesabu yake ni rahisi kuliko inavyoonekana. Moja ikiwa bado jokari, kila dadu usiyoiona ina nafasi moja kati ya tatu ya kuhesabiwa. Mkiwa wawili, nawe una 5 mbili na 1 moja, tayari una tatu. Kutangaza "nne za 5" kutatimia kama mara 87 kati ya 100. "Tano za 5" ni mara 54. "Sita za 5" ni mara 21, na hapo unacheza na sura ya mwenzako tu. Kanuni ya mezani: chukua zako, ongeza theluthi ya zile zilizofichika, simama hapo. Mkiwa wanne, zilizofichika ni 15, basi ongeza 5. Mgeni hupoteza kwa sababu mbili: kusahau kwamba moja imeshaitwa, na kufungua mapema kwa woga.

Muziki ukiwa mkubwa namba hutajwa kwa mkono mmoja, na ishara zao baada ya 5 si zetu. Sita ni kidole gumba na cha mwisho vikiwa wazi. Saba ni ncha za vidole vitatu zikikutana. Nane ni gumba na shahada. Tisa ni shahada iliyopindwa kama ndoano. Kumi ni ngumi. Anayeinua gumba na shahada akidhani anasema mbili amejitangazia nane, na atakunywa.

Adabu ya kunywa: "ganbei" maana yake bilauri ikauke, "suiyi" ni kunywa kadiri upendavyo, na ni neno litakalokuokoa. Wenyeji wanaosema Kikantoni watasikika wakiita "yam sing". Unapogonganisha bilauri na mkubwa wako kwa umri au cheo, ukingo wa yako uwe chini ya wake. Asiyekunywa pombe aseme mwanzo kabisa na aeleze ni dini au afya. Watakubali, na atacheza dadu kwa chai. Akisema katikati ya usiku itaonekana ni ujanja.

Pombe bandia ipo. Kinachofanyika zaidi ni pombe ya bei rahisi kutiwa kwenye chupa ya jina kubwa. Chupa ifunguliwe mbele yako, muhuri uwe mzima, na usipokee jagi lililochanganywa kwingine. Ukiwa na shaka, bia ya chupa ndogo iliyofungwa ni salama zaidi. Kwa sababu hiyohiyo siwashauri watu meza za bure za wageni. Mawakala hulipwa kuleta sura za kigeni ili ukumbi uonekane wa kimataifa. Unapewa kinywaji bila malipo, lakini utakaa walipokuweka, na kinachomiminwa hapo hukichagui wewe. Milango nayo haiko sawa kwa wote: kuna kumbi zinazomfurahia mgeni mweupe na kumzungusha Mwafrika. Kwenda na mwenyeji mwenye meza iliyolipwa hupunguza usumbufu huo, ila hauishi.

Polisi. Mgeni wa miaka 16 na zaidi anatakiwa na sheria kubeba pasipoti yake halisi. Picha ya simu haitoshi. Askari wanaweza kufunga mlango na kupima mkojo au nywele za kila aliyemo, na nywele husimulia ya miezi iliyopita. Adhabu ya kutumia dawa za kulevya ni kizuizini siku 10 hadi 15, na mgeni anaweza kufukuzwa nchini. Watu wa Mombasa, Nairobi na Zanzibar wasikie hili vizuri: miraa, yaani mirungi, iko kwenye orodha ya China ya dawa zinazodhibitiwa tangu 2014. Usiibebe, hata kijiti. Anayelala nyumba ya rafiki badala ya hoteli ahakikishe amejiandikisha polisi ndani ya saa 24, kwa kuwa hilo nalo hukaguliwa.

Kurudi: treni za chini ya ardhi nyingi humaliza karibu saa 5 usiku na kuanza tena mnamo saa 12 asubuhi. Tumia Didi, huduma ya teksi iliyo ndani ya Alipay, inafanya kazi kwa Kiingereza. Hifadhi jina la hoteli kwa herufi za Kichina, kwa sababu dereva akipiga simu hutakuwa na la kumwambia. WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya huko. Laini ya nyumbani iliyofunguliwa kutumika nje huzifungua, kwa gharama. Ukiwa na njaa, uji wa mchele na chaza wa kuchoma kwa kitunguu saumu hupatikana hadi alfajiri. Wanaotafuta halali waende kwa wauza tambi Waislamu wa Xiaobei.

Na chupa isipoisha, usiimalize kwa hasira ya fedha. Mwambie mhudumu aihifadhi: wanaandika jina au namba ya simu, wanapima iliyobaki, wanakupa risiti yenye tarehe ya mwisho. Kwa anayekaa wiki mbili akisubiri mzigo ufungwe, usiku wa pili unaweza kulipa vya kuchanganyia tu, mradi siyo Ijumaa wala Jumamosi na dalali amekuthibitishia kwamba kiwango cha chini hakitatozwa upya.