Uzoefu wangu: riwaya ya kifalme ya sura 96 niliyoisoma kwa simu nikivuka Likoni

Nimemaliza kusoma riwaya ya mapenzi ya kifalme kupitia programu ya simu, na kwa kuwa niliilipia kwa pesa zangu na kuisoma kwa wiki sita, asubuhi na jioni nikivuka Likoni kwa feri kwenda kazini na kurudi, ninaona ni wajibu wangu kuwaeleza wasomaji wenzangu nilichokipata. Sura 10 za mwanzo ni za bure. Baada ya hapo kila sura hufunguliwa kwa shilingi 8 kutoka kwenye salio ulilotangulia kuliweka. Malipo hayo yanapokwenda nane nane mtu hayahisi, ndiyo maana ninaandika jumla yake: riwaya nzima ilinigharimu shilingi 688. Mara mbili nilikatwa kwa sura niliyokwisha kuifungua, na nilirudishiwa baada ya siku nne za kuandikiana nao. Herufi zinakuzwa bila shida, na sura iliyofunguliwa husomeka hata mtandao ukikatika katikati ya maji.

Kisa chenyewe ni cha binti wa mfalme wa nchi ya kubuni huko Ulaya, kifungua mimba kati ya watoto wanne, ambaye amepata nafasi ya kusomea udaktari wakati ule ule baba yake anapougua na hazina ya nyumba yao inapokauka. Anaposwa na mrithi wa ufalme jirani, naye anakubali ili wadogo zake wasidhalilike. Ndoa ya mkataba inayogeuka mapenzi si jambo geni kwa anayesoma riwaya za aina hii, na sikuinunua kwa ajili hiyo.

Kilichonishika ni sura ya 31. Usiku wa kuamkia harusi, binti anafumua pindo la gauni lake, anaingiza barua ya chuo aliyoikunja mara nne, kisha anashona tena kwa mkono wake. Asubuhi anatembea mbele ya kamera akitabasamu, na kila hatua pembe ya ile karatasi inamchoma kifundoni.

Hapo nilizima simu, kwa sababu nilimkumbuka mama yangu. Mwaka nilipoingia sekondari, aliuza bangili zake nne za dhahabu, alizovishwa na nyanya yangu siku ya harusi yake, ili karo yangu ipatikane. Hadi leo akikanda unga wa mahamri hupitisha kiganja kwenye kigasha kwenda juu, kama anayepandisha bangili zisiguse unga, na mkono ni mtupu. Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kumuuliza siku hiyo ilikuwaje kwake, hata mimi niliyesomeshwa kwazo.

Sisi watu wa pwani tuna mfano wetu wa gharama ya mapenzi katika nyumba ya kifalme. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Unguja, aliondoka Unguja mwaka 1866 akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka 1867, na kufikia mwaka 1870 alikuwa mjane mjini Hamburg mwenye watoto watatu, mumewe amekufa kwa ajali ya tramu. Aliporudi Unguja mwaka 1885 kudai urithi wake, kaka yake Sayyid Barghash, aliyekuwa Sultani wakati huo, hakukubali kumwona. Wala hayo si ya kale tu: Mako, binti wa ukoo wa kifalme wa Japani, alipoolewa na raia wa kawaida mwaka 2021, alitoka katika ukoo huo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1947, ilhali mwanamume wa ukoo huo akioa raia hubaki na cheo chake.

Kwa hiyo ninailaumu riwaya hii kwa jinsi inavyomalizika. Kuanzia sura ya 60 hivi, mume anampenda kweli, vito vinaletwa, wadogo zake wanapata vyeo na wake, na mwandishi anaona deni limelipwa. Hakuna hata mmoja kati ya wale ndugu anayemuuliza dada yao aliacha nini. Barua haitajwi tena. Ningeshauri anayetaka kuinunua asome mpaka hapo kwa moyo mkunjufu, kisha ajiamulie kama shilingi zilizobaki anazitaka kwa kazi nyingine.

Ijumaa moja baada ya chakula cha usiku nilimsomea mama sura ya 31, nikiitafsiri kutoka Kiingereza. Alinyamaza kitambo, akauliza, "Na ile barua, mwanangu, alikuja akaitoa?" Nikamjibu kwamba kitabu hakikusema.

"Gauni la harusi hufuliwa," akasema. "Itakuwa ilirowa."