uBITX: sauti yake iko kwenye ukingo wa kichujio

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo mezani nina uBITX, transiva, yaani redio ya kupokea na kurusha, ya mawimbi mafupi, megahezi 3 hadi 30. Aliyeibuni ni Ashhar Farhan wa Hyderabad, India; hewani anaitwa VU2ESE. Ilitoka mwishoni mwa 2017 kwa dola 109, bodi ikiwa imeshachomelewa. Kasha na spika unatafuta mwenyewe. Nataka tuongee sauti tu. Wengi wanaiwasha, wanasikia mtu kama anaongea ndani ya debe, na hapo hapo wanaihukumu redio nzima.

Sogeeni muone hapa. Hivi vikopo vya chuma vilivyopanga mstari ni fuwele za kwatzi za megahezi 12, zile zile zinazofungwa kwenye saketi za kompyuta, bei yake ndogo kabisa. Ukiziunganisha moja baada ya nyingine, na kapasita zikishuka kwenye graundi kati yake, unapata kichujio: zinapitisha kipande chembamba cha masafa, kiasi cha kumtosha mtu mmoja kuongea, na majirani wanabaki nje. Zote zimeandikwa 12, lakini ukizipima zinapishana, hata kwa mamia ya hezi. Ukifunga zisizolingana, kichujio kinakuwa na mabonde: irabu fulani zinavuma, nyingine zinamezwa. Kwa hiyo anayejijengea kichujio ananunua fuwele nyingi, anapima, anachagua zinazokaribiana.

Sasa BFO, oseleta (kizalisha mawimbi) ya ndani ya redio. Kwenye SSB, yaani kurusha ubavu mmoja tu wa masafa, wa juu au wa chini, anayerusha hatumi wimbi bebaji, lile linalobeba sauti, kwa hiyo redio yako inalitengeneza upya humu ndani. Hiyo ndiyo kazi ya BFO, na mahali unapoiweka ndipo sauti inapoamuliwa. Inatakiwa ikae nje kidogo ya kichujio, kwenye mteremko wa ukingo, yapata hezi 300 kutoka pale kinapoanza kupitisha vizuri.

Sikilizeni. Naisogeza mbali… mmesikia? Besi imekwisha, jamaa anaongea puani. Naisogeza karibu mno… sauti imejaa, lakini mngurumo umeingia, na ubavu wa pili unaanza kuvuja. Ukirusha ukiwa hapa, unawachafulia wenzako hewa. Narudi katikati, polepole. Hapo! Ni kichujio kile kile, sijabadilisha hata fuwele moja.

Mimi naweka hivi: natafuta mahali patupu kwenye bendi, simu yenye programu ya kuonyesha spektra (nguvu ya sauti kwa kila masafa) naiweka mbele ya spika, naangalia umbo la ule mvumo. Nachezesha BFO kwenye menyu mpaka mvumo uanzie karibu na hezi 300. Kilichonifurahisha kwenye ubunifu huu ni kwamba BFO haihami ukibadilisha ubavu. Inayohama ni oseleta ya pili, megahezi 33 au 57. Ukiirekebisha mara moja, megahezi 7 kwa ubavu wa chini na megahezi 14 kwa ubavu wa juu zote zinakaa sawa.

Kabla hujabonyeza maiki, leseni: mamlaka ya mawasiliano Tanzania ni TCRA, Kenya ni CA.

Mapungufu yapo. Toleo la mwanzo halina AGC, yaani hakuna kinachoishusha sauti kituo chenye nguvu kikiingia ghafla, kwa hiyo kwa hedifoni mkono usitoke kwenye kitufe cha sauti. Nguvu ya kurusha nayo inapungua ukipanda bendi za juu.

Kwa maongezi, ninaipendekeza bila kusita. Kwa Morse, hapana, labda uongeze kichujio chembamba cha sauti kabla ishara haijafika kwenye spika. Kichujio hiki ni cha upana wa maongezi, na jioni bendi ikijaa utawasikia wapiga Morse watatu kwa pamoja, kila mmoja na mlio wake, na wewe unamtaka mmoja tu.