Sony Trinitron ya mtumba, inchi 21: kagua kioo kwanza, rangi zitarekebishika

TV ya chogo hainunuliwi Mombasa siku hizi kwa ajili ya taarifa ya habari. Anayeitafuta ana kanda za harusi za enzi ya VHS anazotaka kuziona zilivyokuwa, au ana mchezo wa Nintendo wa zamani ambao bastola yake haielewani kabisa na skrini bapa. Kwa kazi hizo, Trinitron ya inchi 21 ndiyo chaguo letu la kwanza, na si kwa sababu ya jina la Sony. Kioo chake, isipokuwa kwenye modeli bapa za mwisho, kimepinda kama ubavu wa pipa: kushoto kwenda kulia kuna mviringo, juu kwenda chini kumenyooka, kwa hiyo taa ya dari haikurudii machoni. Ndani, badala ya bamba lenye vitundu kama la TV nyingine, kuna nyaya nyembamba zilizokazwa wima, zinazopitisha mwanga mwingi zaidi. Ilitoka mara ya kwanza 1968 na Sony wakaacha kuitengeneza 2008. Mpya haipo. Unachonunua ni umri wa kioo.

Basi usikubali kuonyeshwa TV iliyokwisha kupata moto. Gusa mgongo wake. Ukiwa na joto, mwambie muuzaji aizime, nawe urudi baada ya saa moja. Ikiwashwa ikiwa baridi, picha inatakiwa itokee ndani ya sekunde 10 hadi 15, na ndani ya dakika moja iwe imekaa sawa. Ikianza kwa giza na wekundu kisha ikachukua dakika tano kuamka, kathodi, yaani sehemu zinazotoa miale ndani ya kioo, zimechoka. Dalili nyingine ya uchovu ni nyeupe kumeremeta kama fedha na kuvuja pembeni: kanzu nyeupe inakuwa bonge la mwanga lisilo na mikunjo. Hapo hakuna bisibisi itakayosaidia.

Kuna mambo mawili ambayo wanunuzi huyakimbia bure. La kwanza ni kivuli chembamba cha mlalo, kimoja au viwili, kinachoonekana picha ikiwa nyeupe. Hicho ni kivuli cha uzi unaozishika zile nyaya za wima zisitikisike, na Trinitron za ukubwa huu huwa nacho. La pili, ukiigonga TV ubavuni picha inatetemeka kidogo. Ni zile zile nyaya. Kama mtu anataka kukupunguzia bei kwa ajili ya hayo, mshukuru.

Picha ikishatulia, shusha rangi hadi sifuri. Hiki ndicho kipimo kinachookoa pesa kuliko vyote, na hakihitaji kufungua hata skrubu moja. TV sasa ni nyeusi na nyeupe. Tazama shati jeupe, kisha tazama kivuli chini ya meza. Vyote vikiwa safi, bila doa la rangi, kioo na bodi ya shingoni (sakiti iliyochomekwa nyuma ya kioo) ni vizima; rangi mbaya uliyoiona inatoka kwingine: waya wa njano uliolegea, king'amuzi kilichowekwa mfumo wa rangi wa NTSC (wa Marekani na Japani) badala ya PAL ya kwetu, au sakiti ya rangi. Kivuli kikiwa na wekundu huku shati ni jeupe, mwanzo wa kuwaka wa nyekundu (kiwango inachoanzia kuonekana gizani) umepanda. Shati likiwa na umanjano huku kivuli kiko sawa, buluu imepungua nguvu. Skrini nzima ikiwaka rangi moja kali yenye mistari ya mshazari, transista ya rangi hiyo imeungua kwenye bodi ya shingoni, au kuna shoti ndani ya kioo. La transista ni kazi ya mchana mmoja. La shoti ndani ya kioo, waachie wenyewe.

Madoa ya pembeni ni habari tofauti, na ndiyo lawama kubwa tunayoisikia kuhusu TV hizi: uso wa mtangazaji kijani upande mmoja, zambarau upande wa pili. Mara nyingi ni sumaku. Sogeza spika kubwa za redio mita moja kutoka kwenye TV, izime kabisa kwa nusu saa, kisha iwashe. TV nzima hutoa mvumo mfupi, *vuum*, ambao ni koili iliyozunguka ukingo wa kioo ikifuta sumaku. Usiposikia kitu, posista inayoiwasha koili hiyo pengine imepasuka; ni kifaa kidogo cha miguu miwili au mitatu, na si ghali. Kuizima na kuiwasha papo hapo hakusaidii, kwa sababu posista haifanyi kazi mpaka ipoe.

Madoa yakibaki baada ya hapo, uliza TV ilikotoka. Uga wa sumaku wa dunia Uingereza unaelekea chini kwa mwinamo mkali; Mombasa, digrii 4 tu kusini mwa ikweta, mwinamo ni mdogo na unaelekea upande wa pili. Viwanda vilirekebisha TV kulingana na eneo zilikopelekwa, kwa hiyo iliyotengenezwa kwa sebule ya London inaweza kufika hapa na miale inayokosea mistari yake ya rangi kwenye kioo. Tiba ipo. Acha TV iwake nusu saa ikiwa imeelekezwa pale itakapokaa, kisha fundi abakishe kijani peke yake. Alegeze kibano cha yoki (koili zilizovalishwa shingo ya kioo) na kuivuta nyuma, azungushe pete za usafi wa rangi, zile sumaku za shingoni, mpaka utepe wa kijani ukae katikati, nyekundu na buluu zikigawana pande mbili sawasawa. Halafu yoki isukumwe mbele taratibu mpaka kijani kijaze skrini nzima, na kibano kikazwe. Fundi akianza kuzungusha pete zilizogandishwa kwa rangi ya kupaka bila kuweka alama ya kalamu kwanza, mwambie aache.

Na tuseme wazi kuhusu hatari. Kioo cha inchi 21 hubeba takriban volti 25,000, na hubaki na chaji hata baada ya plagi kutolewa. Kapasita kubwa ya umeme wa kuingilia hubeba zaidi ya volti 300 kwa stima yetu ya 240. Aliyezoea kutengeneza redio peke yake asifungue mgongo huu. Fundi mzoefu utamwona anaunga waya kutoka kwenye bisibisi ndefu hadi kwenye ule waya uliosukwa unaozunguka mgongo wa kioo, ndipo anapoipenyeza chini ya kikombe cha mpira, pale volti kubwa inapoingia kwenye kioo. Mkono wa pili uko mfukoni. Kwa marekebisho yanayofanywa TV ikiwa inawaka, huweka kioo cha kujitazamia mbele ya skrini ili asiwe anachungulia huku mkono uko ndani.

Weupe na weusi hurekebishwa kwa utaratibu mmoja. Rangi sifuri, mwangaza chini. Skrubu za mwanzo wa kuwaka, moja kwa kila rangi, zigeuzwe kidogo kidogo mpaka kijivu cha giza kisiwe na doa. Kisha mwangaza upandishwe, na skrubu za nguvu, ambazo kwa kawaida ni mbili, zigeuzwe mpaka shati liwe jeupe. Rudi gizani tena, kwa sababu kila upande unauvuta mwingine. Mara tatu zinatosha. Skrubu iliyoandikwa SCREEN kwenye flaibeki (transfoma inayozalisha volti kubwa ya kioo) ikipandishwa mno, mistari myembamba ya mshazari huonekana juu ya picha. Baadhi ya mafundi huipandisha ili kioo kilichochoka kionekane kipya siku ya kuuza, kwa hiyo mistari hiyo ikionekana, uliza. Kwenye modeli za baadaye hakuna skrubu nyingi, ni tarakimu. TV ikiwa imezimwa kwa remoti, nyingi huingia kwenye menyu ya fundi kwa kubonyeza haraka kitufe cha taarifa, 5, sauti juu, kisha kuwasha. Andika kila tarakimu kwenye karatasi kabla ya kuigusa.

Ugonjwa wa pwani hasa ni ukungu wa asubuhi. Baada ya usiku wa mvua za masika, TV huamka na maandishi yaliyofifia kama yanayoonekana kupitia chandarua, kisha baada ya nusu saa yanakatika safi. Watu hukimbilia kugeuza FOCUS, skrubu ya kukaza picha, na jioni picha inakuwa mbaya zaidi, kwa kuwa waliitega kwa hali ya asubuhi. Kosa liko kwenye soketi ya kioo kule shingoni: unyevu na chumvi huozesha sehemu ya pini ya fokasi, umeme unavuja, na joto linapokausha ndipo picha inarudi. Badilisha soketi, hesabu pini na ulinganishe mpangilio wake, ndipo urekebishe FOCUS TV ikiwa imepata moto. Soketi mpya ikishindwa, flaibeki ndiyo inayovuja, na bei yake inaweza kuzidi ya TV.

Picha iliyofinyika juu na kujikunja ni kapasita za sakiti ya wima, inayotandaza picha juu hadi chini, zilizokauka: nunua za nyuzi joto 105, mikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi. Mstari mmoja mweupe katikati ya skrini ni sakiti hiyo iliyokufa. Punguza mwangaza mara moja usiunguze kioo, na fundi aanze na viungo vya risasi vilivyopasuka kwenye miguu ya IC ya wima.

TV zilizopitia Dubai mara nyingi husoma PAL, SECAM na NTSC, na ndizo bora kwa mwenye michezo ya Japani. Za Uingereza zinataka sauti ya megahezi 6.0 badala ya 5.5 tuliyotumia Kenya, kwa hiyo ukiunga king'amuzi kwa waya wa antena utapata picha na mchakacho. Kiweke PAL I, mfumo wa Uingereza, au tumia waya za AV umalize. Analogia ilizimwa 2015, hivyo king'amuzi utahitaji kwa vyovyote. Ya Marekani ni ya volti 120: usiichomeke ukutani hata kwa majaribio.

Alama 8 kwa 10 kwa iliyopita kipimo cha baridi. Mbili tumezikata kwa uzito, unaozidi kilo 20 na wote uko mbele kwenye kioo. Ukiivusha Likoni, waliobeba waikumbatie uso wa kioo ukiwa umeelekea kifuani.