Komiki za filamu za katuni: nunua iliyochorwa upya

Kama una mtoto aliyeipenda filamu ya katuni hadi anaijua neno kwa neno, na unataka kumtafutia komiki yake, chukua iliyochorwa upya na msanii. Ile iliyotengenezwa kwa kunasa picha za filamu yenyewe na kubandika viputo vya maneno juu yake, iache dukani. Nimemnunulia mpwa wangu wa miaka saba za aina zote mbili.

Ile ya kunasa ilinivutia kwa jalada, maana sura ni zile zile za kwenye runinga. Nyumbani ndipo ila zake zilipoonekana. Skrini hutoa rangi kwa mwanga, kitabu kinategemea wino, kwa hiyo matukio ya usiku yalitoka meusi tititi. Kuna ukurasa ambao wahusika wamejificha na unachoona ni macho tu. Tena picha ya sinema ni pana, na visanduku vya komiki vinataka umbo jingine, basi wakakata: huyu anaongea, anayejibu amebaki sikio. Halafu filamu hupitisha picha 24 kila sekunde. Ukichomoa moja katikati ya mwendo, unapata mdomo uliofunguka nusu na mkono ambao haujafika unakokwenda. Mchoraji angetafuta pozi moja linalobeba tukio zima. Gundi nayo iliachia mapema, kurasa zikaanza kuchomoka.

Komiki ya Moana, iliyochorwa upya, ni habari nyingine kabisa, na ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wote. Filamu ni ya 2016, dakika 107, na ndani yake bahari ni mhusika asiyesema hata neno moja. Huinuka, huinama, humsukuma Moana, msichana wa hadithi hiyo, anapositasita. Nilidhani kwenye karatasi itakufa. Kumbe mhusika asiyehitaji kiputo ndiye anayeifaa komiki kuliko wote, kwa sababu mtoto hana pa kukimbilia ila kuusoma mchoro. Mpwa wangu hukaa hapo muda mrefu kuliko kwenye kurasa zenye maneno.

Halafu kuna chale za Maui, yule nusu-mungu anayesafiri na Moana. Kifuani ana kijitu kidogo kilichochorwa, kinachotembea na kumsuta mwenyewe. Kwenye filamu kijitu hicho kilichorwa kwa mkono chini ya mchoraji Eric Goldberg, ilhali karibu kila kitu kingine ni cha kompyuta, na kinapita haraka mno. Kitabuni hakikimbii. “Anti, ona, ameudhika,” aliniambia akiwa ameweka kidole juu yake. Filamu tumeitazama pamoja mara nyingi, wala hakuwahi kunitajia kijitu hicho.

Kinachopotea ni nyimbo. Watunzi Lin-Manuel Miranda, Opetaia Foa'i na Mark Mancina waliubebesha muziki nusu ya hisia za filamu ile, na hakuna wino unaoweza kuimba. Ukimpa komiki mtoto ambaye hajaiona filamu, sehemu hizo zitampita hivi hivi. Mwonyeshe filamu kwanza.

Kuna pia komiki zinazoendeleza hadithi badala ya kuirudia. The Incredibles, filamu ya familia yenye nguvu za ajabu, ilitoka 2004, na filamu ya pili ikachelewa hadi 2018. Katikati, mwaka 2009, mwandishi Mark Waid aliandika komiki ya Family Matters, ambamo baba wa familia anaona nguvu zake zikipungua na anawaficha watu wa nyumbani kwake. Hiyo ni ya watoto wakubwa kidogo, na wazazi wataifurahia pia.

Kuhusu bei, mpya niliyoipata ilipita shilingi 1,500. Vitabu hapa Kenya vinatozwa kodi ya VAT ya asilimia 16 tangu sheria ya 2013, na kwa kitabu cha mtoto hilo linauma. Kwa wauza mitumba wa vitabu katikati ya jiji nimepata kwa 300, ila fungua katikati kabla hujalipa, maana kurasa zinazopendwa ndizo huchanwa kwanza. Zikiwa zimefungwa kwa plastiki, mwombe muuzaji akufungulie. Wengi hawakatai.

Jambo moja linanisumbua sana. Zote nilizoziona ni za Kiingereza, nami humsomea kwa Kiswahili nikigeuza kiputo baada ya kiputo, nyanya yake akisikiliza na kuuliza yule jitu ametoka wapi. Nchi hii ilimsoma Juha Kalulu, mhusika wa katuni, kwenye gazeti la Taifa Leo kwa miaka na miaka, na komiki ya Shujaaz ikawafikia vijana kwa Sheng tangu 2010. Wasomaji wapo, wachoraji wapo. Mchapishaji wa Nairobi atakayenunua haki za hata komiki moja ya aina hii na kuitoa kwa Kiswahili, mimi nitanunua mbili: ya mpwa wangu, na ya maktaba ya darasa lao.