Maktaba ya chuo, Mtwara Mjini: ulizia dawati la nyuma ya magazeti

Jina la chuo silitaji. Nilipoomba kibali cha kukaa humo na daftari langu, niliandika kwenye barua kwamba sitamtaja mwanafunzi wala chuo, na ahadi hiyo naishika hata hapa. Yatosha kusema ni maktaba ya chuo, iko Mtwara Mjini, na mtu wa nje anaruhusiwa kuingia.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Newala, ninasoma shahada ya uzamili kwa masafa. Utafiti wangu unahusu namna wanafunzi wa chuo wanavyotafuta maandiko ya kazi zao: wanaanzia wapi, wanakwama wapi, wanamwuliza nani. Kila nikipata ruhusa kazini na nauli, ninateremka kutoka Newala huko juu hadi pwani. Kwa hiyo maktaba hii nimeiangalia kama mtafiti, na pia nimeitumia kama mteja mwingine yeyote, mkoba mlangoni na kadi mkononi.

Ya kawaida nayapita haraka. Mtu wa nje analipa shilingi 10,000 kwa mwezi, kadi unapewa siku hiyohiyo. Vyoo ni visafi. Feni zinazozunguka ni za upande wa madirisha, basi wahi kabla ya saa 3 asubuhi, maana joto la Mtwara mnalijua. Soketi ziko ukutani tu. Ndiyo sababu utakuta meza za katikati tupu na za pembeni watu wamebanana. Vitabu vya elimu na uhasibu vipo vya kutosha, vingine vingi ni matoleo ya zamani. Intaneti ni nzuri asubuhi, mchana inachoka.

Kilichonifanya niandike ni dawati.

Ukiipita rafu ya magazeti, mkono wa kulia, kuna meza ndogo yenye kompyuta moja na viti viwili. Hapo anakaa mkutubi, mama wa makamo, na kazi yake ni kukusaidia kutafuta. Kibao hakuna. Wengi niliozungumza nao hawakujua kabisa anafanya nini. Mmoja wa mwaka wa tatu aliniambia, "Mwalimu, mimi nilidhani yule mama anagonga mihuri." Binti wa mwaka wa pili alijua, ila haendi: "Naona aibu. Ataona nimefika chuo kikuu na kutafuta kitabu sijui." Hili la aibu lilinikaa moyoni, kwa sababu watoto ninaowafundisha ndio hawa baada ya miaka michache, na sikumbuki siku niliyowafundisha kuuliza.

Nilipomsimulia mkutubi hakushangaa. Alinifungulia kwenye kompyuta yake habari za utafiti wa Illinois, Marekani. Kati ya 2008 na 2010 vyuo vikuu 5 vya jimbo hilo viliungana kuchunguza jambo hilihili. Wanaanthropolojia, wataalamu wa kuchunguza maisha na desturi za watu, waliwahoji wanafunzi na kukaa nao wakiwaangalia wanavyotafuta. Wakakuta mkutubi karibu hayumo katika maisha ya wanafunzi. Wengi hawakujua kazi yake, na mtu akikwama anamwendea mhadhiri au rafiki. Hata Google, ambayo kila mtu aliamini vijana wanaimudu, hawakuijua vizuri. Katika chuo cha Illinois Wesleyan, kati ya wanafunzi 30 walioangaliwa, 7 tu ndio waliotafuta kwa namna ambayo mkutubi angesema inaridhisha. Niliisoma sentensi hiyo mara mbili. Chuo cha Marekani, vitabu tele, na hali ni ileile niliyoiona kwa kijana wa Tandahimba.

Huyo kijana nilikaa naye Jumanne moja, kwa ridhaa yake. Alikuwa anaandika juu ya mfumo wa stakabadhi ghalani katika korosho, yaani mkulima anapeleka mazao ghalani, anapewa stakabadhi, na mazao yanauzwa kutoka humo. Akaingiza kwenye Google kichwa chote cha utafiti wake, maneno 17, na neno PDF mwishoni. Akafungua majibu matatu ya mwanzo. La kwanza lilidai malipo, la pili lilihusu kahawa, la tatu halikufunguka. Akafunga kompyuta, akaniambia atavuka barabara kwenda steshenari, kuna kaka anauza tasnifu za miaka ya nyuma, shilingi 3,000 anakuwekea kwenye flashi.

Huyo kaka wa steshenari simdharau. Yuko wazi hadi usiku, anajibu WhatsApp, na hamfanyi mtu ajione mjinga. Lakini anachouza kinawaumiza vijana. Nimeona jedwali moja lenye kosa lilelile la kujumlisha katika kazi tatu za watu watatu, kila mmoja kalirithi kwa mwenzake.

Nilimwomba kijana tupitie kwanza nyuma ya magazeti. Akakubali kwa kunistahi tu, naamini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Unatafuta nini?"

Akamsomea kile kichwa cha maneno 17. Mama akasikiliza hadi mwisho.

"Hicho ni kichwa cha kazi. Wewe mwenyewe unataka kujua nini?"

"Nataka kujua kama mkulima anapata bei nzuri kuliko zamani."

"Zamani ipi?"

Kijana akanyamaza. Yule mama hakumjibia haraka. Alimwacha afikiri, kisha ndipo wakaanza kazi. Sheria ya stakabadhi za maghala ilitungwa 2005, na kwenye korosho mfumo ukaanza msimu wa 2007/2008, hapa hapa Mtwara. Kwa hiyo "zamani" yake ilikuwa na mpaka, na mpaka huo ukamwambia atafute takwimu za miaka gani. Wakakigawa kile kichwa kuwa maneno manne tu: korosho, bei, ghala, ushirika. Kila neno wakaliandikia wenzake, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Akamwonyesha kufunga maneno mawili kwa alama za kunukuu ili yasitafutwe kila moja kivyake. Baada ya hapo akaingia Research4Life, ule mkusanyiko wa majarida ya kitaaluma ambao taasisi za nchi kama yetu zinausoma bila malipo. Ulianza 2002 na majarida ya afya, mwaka uliofuata yakaja ya kilimo. Nywila ya chuo ilikuwapo siku zote, na kijana mwaka wa tatu huu hajawahi kuisikia.

Kisha akamwuliza, "Baba yako anauza korosho zake kupitia chama gani?"

"Chama cha msingi cha kijijini, mama, chini ya TANECU." Hicho ndicho chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala.

"Sasa unahangaika na Google ya nini peke yake? Bodi ya Korosho iko mjini hapa. Naliendele watafiti wa korosho wapo, unapanda bajaji tu. Na baba yako stakabadhi zake hazitupi. Andika barua, nikusaidie, upitishe kwa msimamizi wako."

Walitumia dakika 40. Alitoka na makala 6 na majina ya ofisi tatu za kwenda kubisha hodi. Sijaona huduma nyingine Mtwara inayompa mwanafunzi kiasi hicho bila kumtoza hata shilingi. Mashine ikupe makala elfu, lakini mtu wa kukwambia kwamba jibu lako liko Naliendele, na lingine liko ndani ya sanduku la baba yako, huyo ni mkutubi anayeijua nchi aliyokaa.

Nyota moja naipunguza kwa saa za kazi. Maktaba inafungwa saa 4 usiku, dawati linafungwa saa 9 na nusu alasiri. Niliwaomba wanafunzi wanichoree siku yao kwenye karatasi, wapi wako saa ngapi. Mbinu hiyo nimeiazima kwa wenzetu wa Chuo Kikuu cha Rochester, jimbo la New York, ambako mwanaanthropolojia Nancy Fried Foster aliongoza uchunguzi kama huu, matokeo yakachapishwa 2007. Michoro niliyoletewa inasema jambo moja: mchana ni vipindi, kufua na kutafuta chakula, kuandika kunaanza baada ya isha. Rochester nako waliona wanafunzi wanaandika usiku, wakajaribu kuwasogeza wakutubi wao hadi saa hizo. Nilipomwambia mama, alinijibu kwa upole, "Mwalimu, mimi ni mmoja, na nina watoto nyumbani." Simlaumu. Nimeandika kwenye kisanduku cha maoni: apatikane mtu wa pili, jioni mbili kwa wiki zingetosha kuanzia, na kibao kiwekwe mlangoni chenye maneno "Uliza hapa". Kibao ni ubao na rangi tu, kisingoje bajeti.

Nyota 4 kati ya 5, basi, na kama ningepima dawati peke yake ningetoa zote.

Ukienda, nenda na swali lako umeliandika kwa sentensi moja, beba flashi tupu na chaja yenye waya mrefu. Ingia saa 2 na nusu asubuhi, mama anakuwa hana mtu. Msalimie, usianze na samahani. Jumamosi maktaba iko wazi lakini dawati halina mtu. Mimi nimeshapoteza nauli ya Newala mara mbili kwa kutolijua hilo.